Weupe wa meno: kusafisha, kung'arisha au kuchubua?

WAHENGA walinena kwamba penye urembo ndipo penye urimbo. Msemo huo haukutungwa kwa ajili ya meno, lakini mtu akitembea leo mtaani Kayole, kutoka Masimba hadi Soweto, na kuyasoma matangazo yaliyobandikwa kwenye milango ya vyumba vya urembo na milingoti ya stima, hatakosa kuukumbuka. Pale ambapo zamani palitangazwa kusuka nywele na kupaka kucha rangi, siku hizi hutangazwa pia meno meupe. Mteja huahidiwa kwamba ataingia na meno ya kahawia, na baada ya muda mfupi atatoka na meno meupe kama pamba.

Biashara hii ina wateja, na wateja hao wana sababu zao. Yupo kijana anayejiandaa kwenda kwenye mahojiano ya kazi. Yupo bibi harusi anayefikiria picha zitakazotundikwa ukutani maisha yake yote. Yupo mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajawahi kucheka darasani bila kufunika kinywa kwa kiganja. Si haki kuwadhihaki watu hawa kwa kuwaambia kwamba wanafuata fahari tupu. Anayelipa ili aweze kutabasamu mbele za watu ananunua kitu chenye thamani. Swali ni kama anauziwa kitu hicho kweli, au anauziwa kingine.

Makala haya yanakusudia kuuliza mambo matatu. Je, kung'arisha meno kunakofanywa na wataalamu ni salama? Je, kunafaa? Na tatu, ambalo ndilo kubwa zaidi kwa wakazi wa Kayole na mitaa jirani, je, meno hayo yamekuwaje hata yakawa ya kahawia? Mimi si daktari wa meno. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, naamini kwamba sehemu ya mkanganyiko huu imo katika lugha, na pale lugha inapokanganya, mwanaisimu ana wajibu wa kusema.

VITENZI VITATU

Hebu tazama, msomaji, vitenzi vinavyotumika katika matangazo hayo. Mmoja huandika "tunasafisha meno", mwingine "tunang'arisha meno", na wa tatu huvitumia vyote viwili kana kwamba ni pacha. Sivyo hata kidogo. Kusafisha ni kuondoa kitu kilichoongezeka juu ya jino. Kiswahili kina neno mahususi la kitu hicho, nalo ni ukoga: ule utando wa uchafu unaoganda juu ya meno ya mtu asiyepiga mswaki wala kusukutua. Ukiachwa, ukoga hukauka na kuwa mgumu kama jiwe kandokando ya fizi. Aidha, juu ya meno hukaa madoa ya chai, kahawa, sigara na miraa, na kwa ndugu zetu wa pwani, ya tambuu. Hayo yote yako nje ya jino. Daktari huyakwangua kwa vyombo vyake, akalisugua jino, na rangi yake ya asili ikaonekana tena. Hapo hapajatumika dawa yoyote ya kugeuza rangi.

Kung'arisha, kwa maana inayokusudiwa na madaktari, ni jambo jingine. Ni kuibadilisha rangi ya jino lenyewe, ndani yake. Kitenzi hiki kiko katika kauli ya kusababisha: jino halikung'aa lenyewe, limefanywa ling'ae, na aliyelifanya hivyo ni kemikali. Palipo na kauli ya kusababisha, msomaji makini hana budi kuuliza: msababishi ni nani, na anatumia nini?

Tunacho pia kitenzi cha tatu, ambacho bado hatujakihamishia kwenye meno. Mtu anayepaka ngozi yake dawa kali ili iwe nyeupe, Waswahili husema anajichubua. Neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu, kwa maana kuchubua ni kubandua tabaka la juu na kuacha jeraha. Kwa meno hatuna neno la hukumu. Kila tendo limepewa jina la sifa. Anayepakwa jeli na daktari baada ya kupimwa, na anayesugua meno kwa limau au unga wa mkaa jikoni kwake, wote huambiwa wanang'arisha. Ilhali wa kwanza huenda anang'arisha kweli, na wa pili anajichubua.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ngozi ikichubuka hukua nyingine. Tabaka la nje la jino, ambalo wataalamu huliita enameli, halikui tena. Ndilo gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu, lakini halina chembe hai za kulijenga upya likishaondoka. Asidi ya limau na ya siki hulilainisha na kulimomonyoa; unga wa mkaa hulikwaruza. Siku za mwanzo jino huonekana jeupe kwa sababu madoa ya juu yameondoka. Baadaye enameli hupungua, na kile kilicho chini yake, dentini, ambacho kwa asili ni cha rangi ya manjano, huanza kuonekana. Aliyetaka weupe anaishia na umanjano, tena usiofutika, pamoja na jino linaloshtuka kila likiguswa na maji baridi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

DAWA INAVYOFANYA KAZI

Sasa tuje kwenye kung'arisha kwenyewe. Dawa inayotumiwa na madaktari wa meno kote duniani ni peroksaidi ya haidrojeni, au ndugu yake kabamaidi peroksaidi, ambayo ikikutana na unyevu wa kinywa huachilia peroksaidi ya haidrojeni. Kabamaidi ya asilimia 10 hutoa takriban asilimia 3.5 ya peroksaidi hiyo. Molekyuli zake ni ndogo, hivyo hupenya enameli na kufika katika dentini, na humo huzivunja molekyuli kubwa zenye rangi zikawa ndogo zisizo na rangi nzito. Hazibandui jino wala hazilikwangui.

Njia ni mbili. Ya kwanza hufanyiwa kliniki: daktari hufunika fizi kwa kinga maalumu, kisha hupaka jeli yenye nguvu ya asilimia 25 hadi 40, na kazi humalizika kwa saa moja hivi. Ya pili hufanyiwa nyumbani lakini huanzia kliniki: daktari huchukua umbo la meno ya mgonjwa, akatengeneza kifuniko laini cha plastiki kinachoyakaa barabara, na mgonjwa hukivaa usiku kikiwa na jeli hafifu kwa muda wa wiki mbili hivi. Njia hii ya pili ilielezwa katika jarida la kitaaluma mwaka 1989 na Van Haywood na Harald Heymann wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Tangu hapo imechunguzwa kwa zaidi ya miongo mitatu.

Je, inafaa? Inafaa, kwa kiasi chake na kwa meno yake. Jino lililopata umanjano kwa sababu ya umri, chai au sigara huitikia vizuri. Njia zote mbili hufika karibu mahali pamoja. Ile ya kliniki huwahi tu. Taa ya buluu ambayo mteja huelekezewa kinywani ina mvuto machoni, lakini haijathibitika kuongeza weupe unaodumu. Tena mteja ajue kwamba anapotoka kwenye kiti, meno yake yamekauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Siku chache baadaye weupe huo hushuka kidogo na kutulia. Wala haudumu milele: baada ya miezi kadhaa au miaka michache rangi hurudi, na kazi hurudiwa. Meno ya bandia, vifuniko na vizibo havibadiliki rangi, hivyo mtu mwenye kizibo katika jino la mbele anaweza kutoka kliniki na jino moja la rangi tofauti na wenzake.

Je, ni salama? Kwa mtu mzima mwenye meno na fizi zenye afya, aliyepimwa kwanza, jibu ni ndiyo, pamoja na adha zake. Wengi hupata ganzi na mshtuko wa meno wanapokunywa kitu baridi au moto. Hali hiyo kwa kawaida huisha kwa siku chache. Jeli ikigusa fizi huzibabua zikawa nyeupe na kuwasha. Lakini kwa mtu mwenye jino lililotoboka, au kizibo kinachovuja, dawa hupenya hadi kwenye mshipa wa fahamu, na hapo maumivu si mchezo. Wajawazito hushauriwa wangoje. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kutazama, kabla ya kupaka chochote. Na kazi hiyo ya kutazama ndiyo inayokosekana katika chumba cha kusukia nywele.

Kutazama kuna faida nyingine. Jino moja lililogeuka rangi ya kijivu peke yake huenda limekufa ndani baada ya kugongwa. Meno yote yenye mistari ya kijivu au kahawia huenda ni ya mtu aliyepewa dawa ya tetrasaiklini akiwa mtoto mchanga, au ambaye mama yake aliinywa akiwa na mimba. Na meno yenye mabaka meupe kama chaki yaliyochanganyika na kahawia, yakiwa yamelingana kushoto na kulia, yana kisa kingine kabisa. Kisa hicho ndicho cha Kayole.

DOA LISILO UCHAFU

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Alishangaa kuona wenyeji wengi wana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusugua. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. Mwaka 1909 alijiunga naye G. V. Black, mtafiti mashuhuri wa meno, nao wakabaini kwamba madoa hayo huingia wakati jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Mtu mzima aliyehamia mjini humo hakuyapata. Haikujulikana kisababishi ni nini hadi mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA alipopima maji ya mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, akakuta floridi kwa wingi usiotarajiwa.

Floridi ni madini yaliyomo katika miamba, na miamba ya volkeno inayo kwa wingi. Nasi tumejenga nchi yetu juu ya Bonde la Ufa. Maziwa ya Nakuru na Elmenteita ni miongoni mwa maji yenye floridi nyingi kabisa duniani. Visima vya Njoro, Gilgil na Naivasha vinajulikana kwa tatizo hili, kadhalika sehemu za Kiambu. Upande wa pili wa mpaka, watu wa Arusha na vitongoji vya Mlima Meru wana masaibu yayo hayo, hata Tanzania ikaanzisha kituo cha utafiti huko Ngurdoto cha kuondoa floridi katika maji, na kwa miaka mingi ikaruhusu hadi miligramu 4 kwa lita kabla ya kushusha kiwango hicho hadi 1.5. Kipimo cha 1.5 ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndicho kinachotumika Kenya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 uliwakuta takriban watoto 4 katika kila 10 nchini wakiwa na dalili za athari ya floridi katika meno.

Nini hutokea? Mtoto anapokunywa floridi nyingi tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi, enameli ya meno yake ya kudumu huumbika ikiwa na vitundu vidogo visivyoonekana. Jino huota likiwa na mabaka meupe, kisha rangi za vyakula huingia katika vitundu hivyo, nalo hugeuka kahawia. Kwa hiyo doa hili si ukoga. Halitokani na uvivu wa kupiga mswaki. Mtoto anaweza kupiga mswaki asubuhi, mchana na jioni, na meno yake yakabaki kahawia, safi kabisa.

Hapa ndipo tangazo la chumba cha urembo linapomdanganya mteja wa Kayole, na hata kliniki halali inaweza kumpotosha isipokuwa makini. Peroksaidi yaweza kupunguza ukahawia, lakini mara nyingi mabaka meupe huonekana zaidi mwanzoni, na rangi haisawaziki. Jino lililoathirika vibaya, lenye mashimo juu yake, haliitikii dawa hiyo. Madaktari wana njia nyingine: kusugua tabaka jembamba mno la juu kwa asidi na unga maalumu chini ya kinga, kujaza vitundu kwa utomvu wa kitabibu, au kulivisha jino gamba jipya kwa mbele. Njia hizo zahitaji mkono uliofunzwa, na gharama yake huwashinda wakazi wengi wa Eastlands. Asidi ileile ikitumiwa na asiyefunzwa ni kuchubua kwa maana yake halisi.

"MAJI YA CHUMVI"

Kayole hupata maji kwa njia nyingi. Yapo ya mfereji wa jiji, yatokayo mabwawa ya Ndakaini, Sasumua na Ruiru, chini ya milima ya Nyandarua. Maji hayo ya mito huwa na floridi kidogo. Lakini maji ya mfereji huja kwa zamu, na zamu ikichelewa, mkokoteni uliosheheni mitungi ya lita 20 hupita. Mingi ya mitungi hiyo imejazwa kisimani. Visima vimeongezeka jijini: vya watu binafsi, vya makanisa, vya shule, na vile vilivyochimbwa katika mitaa ya watu wa mapato ya chini na Shirika la Huduma za Jiji, NMS, kati ya mwaka 2020 na 2022. Visima hivyo vimewaokoa watu na kiu na kipindupindu, na si vyema kuvitukana. Hata hivyo, maji ya visima virefu vya Nairobi yamekaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkeno, na uchunguzi wa wanajiolojia umeonyesha kwamba mengi hupita kipimo cha 1.5.

Watu wa mtaani huyaita maji ya kisima "maji ya chumvi". Jina hilo, kwa maoni yangu, ndilo hatari kuliko yote. Linamfundisha mama kwamba kinachodhuru meno ni ule ukakasi anaouhisi ulimini. Floridi haina ladha katika vipimo hivi. Maji yenye chumvi yanaweza kuwa na floridi kidogo, na maji matamu yakawa nayo tele. Ulimi si maabara. Isitoshe, jina hilo humfanya mtu aamini kwamba akiyachemsha ameyaponya. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Kinachoiondoa ni mitambo maalumu ya kuchuja, au mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama ule uliotumiwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru katika mradi wake wa maji. Tazama kinaya hiki: mkaa unaofaa meno si ule wa kusugulia kinywani, bali huu wa kuchujia maji kabla hayajafika kinywani.

Isidhaniwe kwamba floridi ni sumu ya kukimbiwa kila mahali. Kiasi kidogo hulikinga jino lisitoboke, ndiyo maana imo katika dawa ya meno, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Mzazi asimwachishe mtoto mswaki. Ampimie dawa: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita, na amfundishe kutema.

NANI APEWE KITI?

Tukirudi kwenye kung'arisha, kuna hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Wapo wanaosema kwamba madaktari wanapoonya juu ya vyumba vya urembo, wanalinda mifuko yao. Hoja hii si ya kubuni. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, halmashauri ya madaktari wa meno ilianza mwaka 2006 kuwapelekea barua watu wasio madaktari waliokuwa waking'arisha meno kwa bei nafuu, ikiwaamuru waache. Mambo yalifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, nayo Februari 2015, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba halmashauri inayotawaliwa na washiriki wa soko lenyewe haiwezi kujikinga na sheria za ushindani bila usimamizi wa serikali. Ilibainika kwamba malalamiko mengi ya madaktari yalihusu bei ya chini kuliko madhara kwa wateja.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 lilisema kwamba bidhaa zenye peroksaidi hadi asilimia 0.1 ziuzwe huru. Zilizo juu ya hapo hadi asilimia 6 zipitie kwa daktari wa meno, ambaye lazima asimamie matumizi ya kwanza, na zisitumiwe kwa aliye chini ya miaka 18. Uingereza iliufuata utaratibu huo, na Mahakama Kuu ya huko ikaamua mwaka 2013 kwamba kung'arisha meno ni kazi ya tiba ya meno.

Sisi tuegemee wapi? Nionavyo, fundisho la North Carolina ni kwamba anayeonya aeleze madhara, si bei, na fundisho la Ulaya ni kwamba nguvu ya dawa ijulikane na mtu aliyejifunza aitazame kwanza. Mambo haya mawili hayapingani. Kenya ina Baraza la Matabibu na Madaktari wa Meno, ambalo huwasajili na kuwapa leseni madaktari. Mteja ana haki ya kuuliza: je, umesajiliwa? Jeli hii ina asilimia ngapi? Utanipima kwanza? Nikiumia, nikutafute wapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo manne asipewe kinywa cha mtu. Hali kadhalika, kliniki yenye leseni inayomwahidi mtu mwenye madoa ya floridi weupe wa pamba kwa kikao kimoja inastahili maswali yaleyale.

NENO KWA WALIMU

Naandika hasa kwa walimu na wanafunzi, kwa kuwa aibu ya meno hufundishwa shuleni kabla ya mahali pengine popote. Mwalimu anayemwambia mtoto mbele ya wenzake, "Nenda ukapige mswaki," kumbe meno hayo ni safi, amemfundisha kunyamaza. Sisi walimu wa lugha twajua gharama yake. Mtoto asiyetaka kufungua kinywa hasomi kwa sauti, hakariri shairi, haulizi swali, wala hashiriki mjadala. Tunamwandikia kwamba ni mzito wa kujieleza, ilhali kinachomzuia si ulimi bali jino.

Tena wanafunzi wafunzwe kwamba uzuri wa meno hauna sura moja. Waswahili wameusifu mwanya tangu jadi, ambao kwingineko hulipiwa fedha ili uzibwe. Wakamba wa zamani walichonga meno yao yakawa makali. Waluo waling'oa meno sita ya chini, na Wamaasai mawili. Watafunaji wa tambuu hawakuona haya kwa wekundu wa vinywa vyao. Weupe wa pamba unaoonyeshwa katika matangazo haupatikani hata katika meno yenye afya kamili, kwa sababu jino la asili lina umanjano kidogo. Hatumkatazi mtu kuutafuta weupe akiwa mtu mzima, ameshapimwa na ameelezwa ukweli. Tunamkataza mtoto kuamini kwamba bila weupe huo yeye ni mchafu.

Hata hivyo, faraja peke yake haitoshi, kwa sababu wapo watoto wanaoanza kunywa maji hayo leo, na meno yatakayoota miaka sita au saba ijayo yanaumbika sasa. Kila kisima kinachouzia umma maji kingepaswa kupimwa floridi, na tokeo libandikwe bombani kwa tarakimu, mahali ambapo mama mwenye mtungi ataliona. Kazi hiyo haihitaji teknolojia ya ajabu. Inahitaji kaunti na mamlaka za maji ziamue kwamba tarakimu hiyo ni mali ya mnywaji. Shule yenye kisima na yenye maabara ya sayansi inaweza kuanza kwa kuuliza cheti cha kipimo cha kisima chake yenyewe. Na nyumba ambayo haina uwezo wa kununua maji ya jiji kwa matumizi yote inaweza kugawa: ya kisima yafue, yaoshe na yadekie; ya mfereji au ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi na kuchemshwa yapikie uji wa mtoto na kumnyweshea. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Kumnyonyesha mtoto ipasavyo ni kinga ya meno yake ambayo bado hayajaota.

Gharama ya kulivisha gamba jino moja la kijana wa Kayole ni kubwa kuliko gharama ya kupima maji aliyoyanywa akiwa mtoto. Tumekuwa tukiingoja rangi ijitokeze ndipo tutafute wa kuifuta. Kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga yenyewe ni rahisi kuliko tiba. Kwanza tuyasafishe maji. Kisha anayetaka kung'arisha na ang'arishe, mikononi mwa anayejua. Asichubuliwe mtu.